Hakimu Akipanda Jukwaani

Mimi ni mtu wa mitambo, sheria si fani yangu, lakini hili limenikaa rohoni.

Kwenye maabara yetu kuna fundi mmoja, mtu wa makamo, ambaye pia ni hakimu. Hapa Uingereza mahakimu wengi ni raia wa kawaida tu. Hawakusomea sheria, hawalipwi mshahara, wanakaa watatu watatu na mshauri wa sheria pembeni, angalau siku 13 kwa mwaka. Nikamwuliza kama ana chama. Anacho, kadi anailipia, na sheria haimkatazi. Nilishangaa! Kwetu Tanzania ibara ya 113A ya Katiba inamkataza hakimu wa ngazi yoyote kujiunga na chama cha siasa.

Kwa maandishi, basi, tumewazidi. Lakini je, akiropoka? Huku raia yeyote anaweza kulalamika. Kumwondoa ni uamuzi wa Lord Chancellor, ambaye ni waziri, pamoja na Jaji Mkuu. Mmoja peke yake hawezi. Richard Page, hakimu wa Kent, aliondolewa mwaka 2016 baada ya kuzungumza BBC kuhusu wapenzi wa jinsia moja kuasili watoto. Wengine waliona kaonewa. Alikata rufaa mpaka Mahakama ya Rufaa, akashindwa 2021, na sababu ziliandikwa, kila mtu anazisoma.

Nyumbani, Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011 iliunda kamati za maadili. Ya mkoa mwenyekiti ni Mkuu wa Mkoa, ya wilaya ni Mkuu wa Wilaya, wote wateule wa Rais. Wanachunguza, kisha wanapeleka kwa Tume ya Utumishi wa Mahakama.

Sasa chukulia hakimu wa mahakama ya mwanzo, kijijini ambako kila mtu anamjua, anasimama msibani wakati wa kampeni na kusema wapinzani ni wahaini, dawa yao jela. Wiki inayofuata kijana wa upinzani analetwa mbele yake kwa kosa la kuiba kuku. Mama yake akalalamike wapi? Kwa DC! Ila hakimu huyo huyo angewatukana wakubwa, jamani, faili lingekimbia kama daladala la Mbagala.

Mimi ningempa DC ujumbe tu, kiti akakalia jaji mstaafu, na uamuzi ukabandikwa kwenye ubao wa mahakama pale pale panapobandikwa orodha ya kesi. Wanasheria wetu mnisahihishe toleo lijalo. Na ninyi Wakenya, mlioona mwaka 2007 na 2008 maneno yanafika wapi, tuambieni kwenu hakimu akichochea anashtakiwa kwa nani.