Mle Mtoni

Kwa miaka mingi tuliifundisha ngeli ya mahali kama jambo jepesi: pa- kwa mahali dhahiri, ku- kwa mahali pasipo dhahiri, mu- kwa ndani. Mfano wetu ulikuwa mto: pale mtoni, kule mtoni, mle mtoni. Mwanafunzi aliyezishika tofauti hizo tulimpitisha.

Mwaka mmoja tuliwaagiza wanafunzi waandike aya moja juu ya Mto Nyamwamba, kwa kuwa wengi wao walitoka Kasese. Wale wa Bwera walinung'unika kidogo, maana wao huujua zaidi Lhubiriha, mto unaopita mpakani Mpondwe. Hata hivyo waliandika vyema. Walieleza jinsi Nyamwamba unavyoanzia juu katika milima ya Rwenzori, ukashuka kwa kasi katika bonde jembamba la Kilembe, palipokuwa na machimbo ya shaba, kisha ukapita Kasese na kuingia Ziwa George. Kutoka huko maji hupita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, yakafuata Semliki hadi Ziwa Albert, na mwishowe hujiunga na Nile. Safari ndefu kwa mto mfupi!

Katika daftari moja tulikuta sentensi hii: "Nyumba yetu ilikuwa mle mtoni." Tuliipigia mstari mwekundu, tukaandika pembeni: "pale, kando ya mto". Nani hujenga ndani ya maji?

Baada ya kipindi mwenye daftari alitujia. "Samahani, mwalimu," akasema, "nyumba haikuwa kando. Mto ndio uliotufuata."

Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika, ukazoa nyumba, madaraja na watu. Mwezi Mei 2020 ulifurika tena, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya. Mto wa namna hii hauleti maji peke yake. Huporomosha mawe makubwa kutoka mlimani, na ufikapo penye mteremko mdogo, nguvu humwishia, mawe hujaza mkondo, nayo maji hutafuta njia nyingine. Njia hiyo huweza kupita sebuleni mwa mtu.

Jumamosi iliyofuata alitupeleka Kilembe. Alisimama juu ya mawe, akanyoosha kidole katikati ya maji. "Mlango ulikuwa mle. Jiko lilikuwa mle." Hakutumia pale hata mara moja.

Tuliirudia sentensi yake. Kitenzi ilikuwa ni cha wakati uliopita, ilhali kionyeshi mle kinataja mahali kama palivyo leo. Haikuwa na kosa lolote. Tulijaribu kuifuta alama yetu, ila wino mwekundu ulibaki umetapakaa karatasini, nasi tukamwomba radhi mbele ya wenzake.

Siku hizi somo la ngeli ya mahali tunalianza kwa sentensi hiyo. Tunaiandika ubaoni na kuuliza kama ni sahihi. Wengi huharakisha kunyoosha mikono ili kuisahihisha. Wanaotoka Kilembe hunyamaza.