Injini Mpya na Malezi

Injini ya gari la chuo chetu, la dizeli, imefunguliwa na kutiwa pistoni na ringi mpya kwa michango ya wazazi. Wengi hunishauri niidekeze. Fundi amekataa, na hoja yake ni ya haki. Ringi mpya hukaa sawa kwa kusukumwa na nguvu ya mwako. Injini ikinguruma muda mrefu bila kazi, kuta za silinda hung'aa kama kioo, kisha gari hula oili. Ikilemewa nako, hupata joto ikakwaruzika. Basi tunapanda vilima kwa mzigo wa kiasi, na oili ya kwanza tutaimwaga mapema, maana hubeba chembe za chuma. Nawe mlezi, pima: mtoto asiyepewa kazi huharibika, na aliyelemewa huvunjika.