Karatasi Inayowapenda Vijana

Juma lililopita tulimzika mama mmoja katika kigango chetu kilichozungukwa na mashamba ya chai. Mvua ya Tukuyu, kama kawaida yake, haikutungoja. Katekista wetu, mzee aliyepita miaka sabini, nilikuwa nimempa karatasi ya sala za mazishi niliyoitoa katika tovuti usiku uliotangulia na kuihifadhi kama PDF. Aliisogeza karibu na macho, akaipeleka mbali, kisha akaikunja na kusali kwa kichwa. Sala ya kuwaombea watoto wa marehemu akairuka. Binti mdogo wa marehemu alikuwa akifuatisha kwa kidole katika nakala yake. Alipofika pale aliinua uso, akatutazama.

Baadaye mzee aliniambia kwa upole, “Baba Paroko, karatasi hii inawapenda vijana.”

Kosa lilikuwa langu. Ukurasa wa tovuti hauna urefu wala upana wake wenyewe; hujipanga kufuata kioo unachosomewa, kama maji katika mtungi. PDF haiko hivyo. Hupewa kipimo siku inapotengenezwa, nayo hukishika. Siku chache kabla nilikuwa nimechapa tangazo la ratiba kwa kipimo cha A3, yaani milimeta 297 kwa 420, na kompyuta ikakikumbuka (laiti nami ningekuwa na kumbukumbu hiyo!). Printa yetu ina karatasi za A4 tu, milimeta 210 kwa 297, hivyo ikaupunguza kila ukurasa hadi asilimia 71 hivi. Herufi za saizi 12 zikawa 8 na nusu.

Kompyuta nyingine huja zimewekewa karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, milimeta 216 kwa 279, na hapo napo vipimo havilingani na karatasi zetu. Kwa hiyo, wenzangu mnaoandaa karatasi za jumuiya, kabla ya kuhifadhi fungueni sehemu ya kuchapa, chagueni A4, na ukuzaji uwe asilimia 100, au 130 kwa ajili ya wazee. Kisha chapeni ukurasa mmoja na kumpa mzee mmoja ausome. Mimi sikufanya hivyo.

Jumamosi nilimpelekea katekista karatasi mpya. Tukaenda pamoja nyumbani kwa marehemu, naye akaisoma sala ile, watoto wote wakiwapo.