Betravu na Bidoni ya Mama

Mimi nafundisha darasa la tano hapa Nakivale kwa kujitolea. Kiangazi cha mwaka 2023 tulikuwa kwenye somo la mazao. Nikasema Misri, nchi ya jangwa, siku hizi inapata sukari nyingi kwa betravu nyeupe kuliko kwa miwa. Darasa zima likacheka. Wengi wazazi wao wametoka upande wa Uvira, wanajua sukari ni miwa ya Kiliba, basi. Mmoja akauliza, "Mwalimu, wewe uliiona?"

Sikuiona. Ndiyo maana nikanunua mbegu. Ile nyeupe sikuipata sokoni, nikachukua nyekundu ya kula, ambayo ni ndugu yake wa damu.

Wamisri wana sababu. Muwa unakaa shambani karibu mwaka mzima unakunywa maji. Betravu ya sukari inakomaa kwa miezi sita au saba, na mzizi wake unashuka zaidi ya mita moja kutafuta unyevu. Hata ardhi yenye chumvi inaivumilia, ila si ikiwa bado changa.

Hayo niliyajua ya kitabu. Maji sikuyajua. Mama alikuwa anaamka saa kumi usiku kupanga foleni ya bomba. Siku moja akanikuta saa sita mchana namwagia tuta bidoni nzima, lita 20. Alisimama tu.

"Mwalimu, hiyo maji ulichota wewe?"

Nikanyamaza. Mama ananiita mwalimu akiwa amekasirika. Na haki alikuwa nayo: jua liliyanywa yale maji kabla ya mizizi.

Tukapatana. Mimi nipewe maji ya kuoshea mboga na kusuuzia sahani, yasiyo na sabuni. Nikawa namwaga jioni, kila siku ya tatu, kwenye mfereji mdogo kando ya mstari, halafu nafunika na majani makavu. Ukimwaga kidogo kidogo kila siku mizizi inabaki juu, inazoea kusubiri.

Kulikuwa na kosa lingine. Punje moja ya betravu kwa kawaida ni mbegu kadhaa zilizoshikana, kwa hiyo inaota miche miwili, mitatu. Inabidi kung'oa, ubaki mmoja. Mimi sikuweza. Kila mche niliona ni maji ya Mama. Nikiwa shuleni, mdogo wangu akang'oa kwenye tuta la pili, na jioni nikamgombeza mpaka akalia. Tulipovuna, tuta langu lilitoa vitu kama vidole. La kwake, ngumi za mtu mzima. Nilimwomba msamaha mbele ya wote.

Wanafunzi wakataka kuona sukari. Tukakatakata, tukachemsha mpaka Mama akauliza habari ya kuni zake. Yakabaki maji mekundu, matamu, yenye harufu ya udongo. Punje ya sukari hakuna. Ile nyeupe ina sukari karibu kilo 16 mpaka 18 katika kilo 100, hii yetu ni kidogo sana. Yule mtoto akasema, "Basi Misri hawadanganyi, ni mwalimu alinunua mbegu mbaya."

Majani Mama aliyapika pamoja na lenga-lenga, sufuria ikarudi tupu. Sasa beseni liko mlangoni, na mtu akimwaga maji ya sahani nje anaitwa jina lake lote. Jana akaniuliza, "Mbegu ilibakia?"