MUNGU HAGOMBANI NA KISU CHA DAKTARI

Leo nataka kutubu mbele yako.

Kuna ndugu hapa Makupa tunayeabudu naye, ameniruhusu nisimulie. Aliugua TB, akameza dawa miezi sita, akapona. Kanisani tulicheza kwa shangwe. Miaka ikapita, akaanza kukohoa damu. Mimi mchungaji wake nikamwambia, "Usikiri ugonjwa, ulishapona." Akanitii. Akawa anatema damu kwenye kitambaa kwa siri, asinivunje moyo.

Usiku mmoja ikaja nyingi. Mkewe akanipigia: "Pasta, leo utaombea ndani ya tuktuk. Tunaenda hospitali."

Makohozi yalipimwa, TB haikuwepo. Picha ya kifua ndiyo iliyosema ukweli: TB iliondoka ikaacha shimo pafuni, na humo kuvu imeota, ikajiviringa kama mpira. Kuvu hiyo huitwa Aspergillus. Mbegu zake zimo hewani, mimi na wewe tunazivuta kila siku bila kudhurika. Lakini ikipata shimo, hufanya makao. Dawa za TB haziiwezi. Dawa za kuvu husaidia, ila mpira ukishajijenga, kinachoutoa ni upasuaji.

Mwenye nguvu hukatwa sehemu ile ya pafu. Ndugu yetu mapafu yake yalikuwa yamechoka, asingestahimili. Kwa hiyo madaktari walipita njia fupi zaidi: wakafungua ubavuni, wakatoa ule mpira, wakakiacha kidonda wazi. Kikawa kinajazwa bandeji na kusafishwa siku baada ya siku, hadi pawe tayari kuzibwa kwa msuli wake mwenyewe. Nilikitazama kidonda kile nikakosa maneno. Walimpima nguvu zake kabla ya kumtwika mzigo. Mimi sikumpima.

Soma Isaya 38. Hezekia alikuwa ameshaongezewa miaka 15, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu lake. Ahadi ilikuwepo, na dawa ikawekwa.

Mpendwa, kama uliwahi kuugua TB na sasa unakohoa damu, usingoje Jumapili. Nenda hospitali leo, waambie uliwahi kuugua TB, omba picha ya kifua. Kisha nipigie, nije tuombe pamoja pale pale kwenye foleni.

Na mchungaji akikuambia usiende, hata akiwa ni mimi, usimtii.

Ubarikiwe. Amina.