Milima ya Huri: Majani Juu, Maji Chini

Sisi tukaao Kiambi tumezoea mto. Luvua hutoka katika ziwa Mweru, hupita kwetu, kisha huenda kukutana na Lualaba kule Ankoro. Kwa hiyo si rahisi kwetu kufahamu nchi ambamo maji na majani havikai mahali pamoja. Nchi ya namna hiyo ni milima ya Huri, kaskazini mwa Kenya, karibu na mpaka wa Ethiopia.

Milima hii si mirefu sana. Ilifanyizwa na moto wa volkeno, na vilima vyake vya mviringo vyaonyesha hata leo mahali ulipotokea. Kusini-magharibi yake limelala jangwa la Chalbi, uwanda mkavu wa chumvi uliokuwa ziwa zamani sana.

Huko juu ukungu hulowesha nchi, na majani huota vizuri. Lakini hakuna kijito kinachodumu. Sababu yake ni nini? Miamba ya volkeno ina nyufa na matundu. Mvua inyeshapo, maji huzama upesi, husafiri chini ya ardhi, yakatokea ukingoni mwa jangwa, kama vile Kalacha, yakiwa na ladha ya chumvi.

Basi malisho yako juu, maji yako chini, na kiungo chake ni ngamia. Wagabra, wafugaji wa nchi hiyo, humlisha mlimani. Naye aweza kukaa siku nyingi bila kunywa. Kisha hushuka naye kisimani, akarudi amebeba maji ya watu.

Kaskazini zaidi, mpakani, uko mlima Forole. Waingereza na Ethiopia walipatana juu ya mpaka huo mwaka 1907. Lakini kwa Wagabra Forole ni mlima mtakatifu, nao huuendea kwa hija.

Mvua zikikosa, mpango wote huharibika. Tangu mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha, na mifugo mingi ikafa. Je, dawa ni kuchimba visima mlimani? Yafaa kufikiri kwanza. Penye maji ya daima mifugo hukusanyika mwaka mzima, na majani hayapati nafasi ya kuota. Uhaba wa maji juu ndio uliokuwa ukiyalinda malisho. Aondoaye shida hiyo bila kuwauliza wafugaji aweza kuondoa na majani.