Mitaa ya Chini ya Maji

Mgeni wa New York hujulikana kwa shingo: hutembea akiwa ameiinua juu, akihesabu ghorofa. Mimi nilikwenda na agizo la shangazi yangu wa Fumba, Unguja, mwanamke aliyemaliza ujana wake akibandua chaza mawe yakishaachwa wazi na maji. "Ukifika mji wa watu, mwanangu," aliniambia, "tazama kwanza pwani yao ina nini."

Basi asubuhi ya kwanza sikupanda ghorofa lolote. Nilishuka hadi ncha ya kusini ya Manhattan nikaingia kivuko cha Governors Island, safari fupi kiasi kwamba kahawa yangu ilikuwa bado ya moto tulipotia gati. Kisiwa hiki kina ukubwa wa hekta 70 hivi, na zaidi ya nusu yake ni kifusi. Udongo uliotolewa wakati wa kuchimba reli ya chini ya ardhi ya Lexington Avenue ulimwagwa hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, bahari ikasogea. Walenape, wenye nchi, walikiita Paggank, kisiwa cha njugu, kwa miti iliyokuwapo. Wanajeshi walikikalia miaka na miaka, wakaacha ngome mbili za mawe mekundu na kijivu na nyumba za maafisa zenye baraza pana. Mwaka 2003 serikali kuu iliwauzia watu wa New York kisiwa hiki kwa dola moja. Kwa dola hiyo leo hupati chupa ya maji kivukoni.

Ngome ni nzuri, lakini kilichonisimamisha ni mlima wa magamba. Magamba ya chaza matupu, meupe, ya kijivu, mengine yenye doa la zambarau pale msuli ulipokuwa umeshika, yamerundikwa juani kama kokoto za kujengea. Harufu ilinirudisha Fumba kwa sekunde moja. Mikahawa ya jiji huyaweka kando badala ya kuyatupa, gari hupita kuyakusanya, na hapa hulazwa mwaka mzima ili jua, mvua na wadudu wayatakase. Baada ya hapo hurudishwa baharini yakiwa na wakazi wapya.

Kazi hii ni ya mradi uitwao Billion Oyster Project, ulioanzishwa mwaka 2014 na Murray Fisher na Pete Malinowski. Wamejiwekea kurudisha chaza bilioni moja bandarini ifikapo mwaka 2035. Wameshavuka milioni 100, na mimi, ambaye hesabu kubwa hunitia shaka, nilijiuliza kama bilioni si ile tabia ya mji huu ya kutojua kunong'ona. Shaka yangu ilipungua nilipowaona wafanyakazi wenyewe. Wengi wamepitia New York Harbor School, sekondari ya serikali iliyoanza Brooklyn mwaka 2003 na kuhamia kisiwani mwaka 2010. Wanafunzi wa shule hiyo husoma hisabati kama wenzao wa mjini, kisha huvaa mavazi ya kuzamia na kwenda kuangalia mashamba yao chini ya maji.

Chaza akizaliwa huwa kiluwiluwi cha kuogelea kisichoonekana kwa macho. Wiki mbili tatu huelea, halafu hutoa kimguu na kupapasa chini, akitafuta pagumu. Akipata pa kumfaa hujigandisha kwa saruji yake mwenyewe, na hapo ndipo kwao hadi kufa. Atakaa kwenye jiwe, atakaa kwenye nguzo ya gati, lakini penye mvuto kwake kuliko pote ni gamba la chaza mwingine. Kizazi hukaa juu ya mifupa ya kizazi, na mwamba huinuka hivyo hivyo, gamba juu ya gamba. Sasa fikiria bandari iliyovuliwa chaza wake wote, ikachimbwa kupitisha meli kubwa, ikafunikwa tope laini. Kiluwiluwi hupapasa asipate kitu. New York ina uhaba wa nyumba juu na chini.

Ndiyo maana watu hawa wamekuwa wajenzi. Huwalea watoto wa chaza kwenye matangi yenye magamba safi, hata gamba moja likabeba kumi au zaidi, wadogo kama punje ya pilipili manga. Kisha hushusha magamba hayo baharini ndani ya vizimba vya chuma, au hutanguliza mipira ya saruji iliyotobolewa matundu, mikubwa kama mtungi wa maji wa bibi harusi. Upande wa magharibi wa Manhattan, kwenye maji ya Tribeca, bustani ya Hudson River Park imepanga mipira na vizimba vya namna hiyo chini kabisa, mbele ya majumba ambayo chumba kimoja kinaweza kununua kijiji. Nilisimama gatini pale nisione kitu. Maji ya Hudson ni ya kijani cha chai ya majani iliyosahauliwa, na anayekuja kutafuta uwazi wa maji ya Mnemba, kwetu Unguja, atanung'unika.

Anayetaka kuona asubiri kizimba kipandishwe. Shule nyingi za jiji zina vizimba vidogo vilivyofungwa kamba kwenye magati, na watoto huvivuta kila baada ya muda kupima chaza wao kwa rula. Niliwakuta wakivuta kimoja Brooklyn, wakakimwaga kwenye beseni la plastiki kama la kufulia. Mara ya kwanza niliona tope na magamba. Halafu tope likaanza kutembea. Kaa wadogo, ukubwa wa kifungo cha koti, walitawanyika upande-upande. Msidhani ni kaa koko wetu, hawa hata mchuzi wa paka hawatoshi. Uduvi waangavu kama kioo walirukaruka hata ukaona chakula kilichomo tumboni mwao. Palikuwa na minyoo, vifuko laini vya rangi ya manjano vilivyorusha maji ukivibonyeza, na samaki mmoja mwembamba asiye na magamba, mrefu kama kidole changu cha shahada. Mtoto mmoja alinifunulia gamba lililofunga nusu, la chaza aliyekwisha kufa. Ndani, ukutani, mayai ya samaki huyo yalikuwa yamepangwa mstari kwa mstari. Nyumba ya marehemu imepangishwa.

Mwishoni, akiwa amejibana pembeni, akatoka bwana mwenyewe. Kichwa kipana, mdomo mkubwa kama mkoba uliovunjika zipu, ndevu za nyama kidevuni, sura ya mtu aliyeamshwa usingizini kuulizwa deni. Samaki huyu pale huitwa chura wa chaza. Watoto walimpisha kwa heshima kwa sababu taya zake huvunja kaa. Nikiri kwamba huyu ndiye niliyempenda kuliko mnara wa Statue of Liberty uliokuwa ukionekana nyuma yake. Wakati wa kuzaa dume huchagua pango kwenye mwamba wa chaza, kisha hukaa mlangoni akiimba. Ndiyo, huimba: misuli ya kibofu chake cha hewa hujikunja karibu mara 200 kwa sekunde na kutoa mvumo kama honi ya meli ya mbali. Jike akivutiwa huja, hutaga mayai darini, huenda zake. Baba hubaki wiki kadhaa akilinda, akipepea, akisafisha, hata vifaranga vinapoanguliwa. Mwaka 1998 wanasayansi wa Marekani waliwarusha samaki hawa anga za juu kuchunguza namna viumbe wanavyojua juu ni wapi na chini ni wapi. 

Kazi ya samaki huyu mwambani ni kubwa kuliko nyimbo zake. Wale kaa wadogo hupenda kula watoto wa chaza. Chura wa chaza hupenda kula kaa. Akiwa mlangoni tu, hata kabla hajala, kaa hujificha na kupunguza kula. Kwa hiyo mwamba humpa samaki pango, naye samaki huulindia mwamba watoto. Chaza wenyewe huchuja maji. Mkubwa mmoja, hali ikiwa nzuri, huweza kupitisha karibu lita 190 kwa siku, na anachokitema humlisha mnyoo, mnyoo humlisha uduvi, na uduvi humwita binamu wa chewa wetu, samaki mweusi wa miambani ambaye wavuvi wa bahari kuu watamlipia mafuta ya boti mwakani. Mchanga mtupu haufanyi hayo. Anayewindwa huhitaji ufa ambao mdomo wa adui hauingii, na mwamba wa chaza una nyufa za kila kipimo.

Haya yote hapa si mageni. Inakadiriwa kwamba miamba ya chaza iliwahi kufunika hekta zipatazo 89,000 za maji ya hapa. Pearl Street, Mtaa wa Lulu, ulipata jina kwa malundo ya magamba yaliyokuwa ufukweni. Leo ufukwe umesukumwa mbali kwa kifusi na mtaa umebaki katikati ya mabenki. Chaza walikuwa chakula cha tajiri na cha hamali. Na aliyewapandisha hadhi kuliko wote alikuwa mtu mweusi, Thomas Downing, aliyezaliwa mwaka 1791 Chincoteague, Virginia, mtoto wa watu huru. Mwaka 1825 alifungua mkahawa wake Broad Street, ukawa baraza la wenye hisa na wanasiasa. Wakati matajiri wakila juu, ghala la chini lilikuwa likiwaficha watu waliotoroka utumwa. Alipofariki mwaka 1866, ofisi ya wafanyabiashara wa jiji ilifungwa kwa siku moja kumpa heshima.

Kisha jiji likawamwagia chaza uchafu wake wote. Mashamba ya mwisho yalifungwa mwaka 1927, chaza wakiwa wamegeuka wabeba maradhi. Maji yalianza kupona baada ya sheria ya maji safi ya mwaka 1972, lakini hadi leo mvua kubwa ikinyesha mifereji hufurika na majitaka huingia bandarini. Kwa sababu hiyo chaza wote niliowataja hawaliwi, ni marufuku. Niliyekuja na hamu nilikwenda kula chini ya kituo cha Grand Central, kwenye mkahawa wa chaza uliofunguliwa mwaka 1913 chini ya matao ya vigae. Chaza wa mbali. Walikuwa watamu, ingawa bei ilinifanya nitafune polepole.

Siku ya mwisho nilikwenda kusini. Kivuko cha rangi ya chungwa cha Staten Island hakilipishwi, na kwa dakika 25 kinakupitisha juu ya bandari yote. Kutoka gatini nilipanda treni hadi mwisho wa reli, Tottenville, ncha ya kusini kabisa ya jimbo la New York. Hapa ndipo watu hujivuna kwamba mji wao ulijengwa na chaza. Njiani ukikata kona kuna Sandy Ground, kijiji cha wavuvi weusi huru waliohama Snow Hill, Maryland, katika karne ya 19, sheria za kule zilipowabana wasiendeshe biashara ya chaza wenyewe. Walijenga kanisa, nyumba, na heshima. Maji yalipochafuka, riziki ikakatika. Kanisa lipo, na bado kuna wajukuu wanaoweza kuonyesha makaburi kwa majina.

Tottenville iliumizwa vibaya na kimbunga Sandy, Oktoba 29, 2012, usiku uliochukua maisha ya watu zaidi ya 40 jijini, zaidi ya nusu yao kisiwa hiki. Ili kuukinga mji, watu wa ofisi ya usanifu ya SCAPE, wakiongozwa na Kate Orff, hawakuchora ukuta. Walichora vivunja-mawimbi vinane vya mawe, jumla ya mita 730 hivi, vilivyotengana ndani ya maji mbele ya mji. Ujenzi ulianza mwaka 2021 na kukamilika mwaka 2024, na tuzo ya usanifu ya Obel ilikuwa imeshawafikia mwaka 2023. Upande unaotazama bahari una matuta ya mawe yaliyochomoza kama vidole, na kati ya tuta na tuta wameacha vichochoro ambavyo wenyewe huviita mitaa ya mwamba. Wimbi kubwa hupoteza nguvu juu ya mawe haya. Samaki mchanga hupata uchochoro wa kupitia. Baadhi ya vipande vya saruji vimefinyangwa vikiwa na uso wa makwaruzo na mabeseni yanayobaki na maji, kwa mpango kwamba chaza hai washike hapo.

Nilikaa ufukweni, kwenye bustani ya Conference House, maji yakipwa. Kwanza yaliinuka mawe mawili meusi, halafu mgongo mzima, halafu mgongo wa pili nyuma yake, mnandi kila mmoja akiwa na jiwe lake. Mzee mmoja alikuwa akivua kwa fimbo. Nilimuuliza kwa ishara kama samaki wapo. Akaonyesha mawe kwa kidevu, akacheka, akatupa tena.

Usiku nilimpigia shangazi simu. Nilimweleza vizimba, magamba ya mikahawani, baba wa samaki anayeimba mlangoni. Alisikiliza yote.

"Na hao chaza, wanaliwa?"

"Hawaliwi, shangazi. Maji bado."

Alinyamaza kidogo. "Basi hao ndio chaza waliobahatika." Kisha akauliza kama nimeshamnunulia viatu.